Raha ndogo za Nairobi na watu waliozitetea

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kilifi, na sasa nina miaka miwili na nusu hapa Umoja, mashariki mwa Nairobi. Nafanya kazi katika duka la jumla katikati ya jiji, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumamosi natoka saa nane mchana. Nikitoka hapo nalala. Jumapili nafua, napika, na jua linatua. Kila Ijumaa marafiki hunitumia kwenye simu orodha ya mambo ya kufanya wikendi, lakini kiingilio cha chini kabisa humo ni chakula changu cha wiki nzima. Kwetu nilikuwa na bahari na baraza la nyumbani kwa bibi, wala sikuvilipia. Mtu mwenye shilingi mia tano kwa wiki ataipendaje Nairobi? La pili, natamani kuufanyia mtaa huu jambo, hata dogo. Nimefikiria kuleta mche wa mwarobaini kutoka nyumbani niupande mbele ya ploti yetu. Je, utashika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema kwamba bahari na baraza la bibi hukuvilipia.

Kazi yangu ni upangaji wa miji. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikipekua ramani za Nairobi kutafuta sehemu zisizojengwa: bustani, viwanja vya michezo, kingo za mito, vipande vya msitu. Nilichojifunza ni kwamba katika jiji hili hakuna mahali pazuri pa bure palipobaki wazi kwa bahati tu. Bahari ya kwenu haiwezi kujengewa ghorofa, ingawa njia za kuifikia zinazidi kuzibwa na hilo unalijua kunishinda. Huku kwetu kila pembe yenye nyasi na kivuli imewahi kumezewa mate na mtu, na pale ilipobaki, ni kwa sababu mtu mwingine alisimama akakataa. Ndiyo maana maswali yako mawili, la raha na la kuufanyia mtaa jambo, kwangu ni swali moja. Ziache hizo orodha za Ijumaa. Chagua mahali pamoja, uparudie wiki baada ya wiki mpaka watu wa pale wakuzoee, halafu ujue nani alipatetea na leo panatishiwa na nini. Nitakutajia ninapopapenda mimi, nikianza na pale unapoweza kufika kesho kwa miguu.

Saa ya chakula cha mchana unayo. Nunua chapati na maharagwe, au mahindi choma yaliyopakwa ndimu na pilipili, uende ukakae Bustani ya Jeevanjee, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Hapo kuna wahubiri, wachekeshaji, vijana wanaosubiri majibu ya barua za kazi, na makundi ya watu waliosimama duara wakibishana juu ya bei ya unga, katiba, mpira, na nani alimsaliti nani mwaka gani. Kundi lililojipa jina la Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana bustanini humo kwa miaka mingi. Hakuna anayekuuliza umesoma hadi wapi. Ukiwa na hoja, utaitoa. Ukiwa huna, utasikiliza. Ulisema unalikosa baraza la bibi. Hili ni baraza, ila bibi ni wengi na hawakubaliani.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alikuja huku kama mwanakandarasi wakati reli inajengwa, na ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa mwaka 1902. Bustani hii aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, wakati jiji lenyewe lilikuwa na umri wa miaka saba tu. Miaka themanini na mitano baadaye, mwaka 1991, ukatokea mpango wa kujenga jengo la ghorofa na maegesho ya magari papo hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaanza kampeni. Wakati huo kupinga mradi wenye baraka za wakubwa kulikuwa ni kujitafutia balaa, na bado aliungwa mkono: na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na magazeti, na watu wa kawaida waliozoea kula chakula chao cha mchana pale. Mpango ukafa. Mimi kila nikikaa kwenye benchi za Jeevanjee humkumbuka huyo mjukuu. Babu alitoa mara moja, lakini zawadi ile ilihitaji kuokolewa tena, na itahitaji tena.

Hilo la Jeevanjee halikuwa la kwanza. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, kulikuwa na mpango wa kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Maathai aliandika barua baada ya barua, akatukanwa bungeni, na shirika lake la kupanda miti, Green Belt, likafukuzwa kwenye ofisi lilizokuwa likitumia. Wafadhili wa nje wakaanza kurudi nyuma na jengo halikujengwa. Halafu ukaja msitu wa Karura, hekta zaidi ya elfu moja. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti mbele ya lango la waliokuwa wamegawiwa msitu huo, wakashambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Leo Karura watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, watoto wanapelekwa kuona maporomoko ya maji na mapango. Kwa mfuko wako Karura si ya kila wiki: kuna ada langoni, na kutoka Umoja ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Iweke kwa siku ya kuzaliwa kwako.

Ninapotaka uende kwanza Jumapili ukipata nafasi ni City Park, kule Parklands, ng'ambo ya barabara ya Limuru. Nenda na rafiki, mkae sehemu zenye watu, na mtoke kabla ya saa kumi na moja jioni. Nakwambia hivyo kwa sababu bustani za Nairobi, pamoja na uzuri wake wote, zina pembe ambazo msichana peke yake hapaswi kuzizoea, na mtaalamu anayekusifia bustani bila kukwambia hilo amekuhadaa. Kuna kima wengi wanaoshuka hadi njiani. Usiwape chakula hata wakikutazama kama mtoto aliyenyimwa. Wamezoeshwa vibaya, na mfuko mkononi kwao ni mwaliko.

Ndani ya City Park kuna msitu wa asili ambao ni mabaki ya ule uliowahi kufunika upande huo wa Nairobi kabla ya reli. Miti mingine pale ilikuwepo kabla ya jiji. Na pembeni kuna makaburi. Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mbunge, aliyepigwa risasi Februari 24, 1965 akiwa nje ya nyumba yake, amezikwa hapo. Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966 kisha akajiuzulu, aliomba azikwe karibu naye. Murumbi alikuwa mkusanyaji wa vitabu, stempu na kazi za sanaa za Kiafrika. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alifariki mwaka 1990 na akapata alichoomba. Mimi nimekaa hapo jioni nyingi. Najua kwenda makaburini kutafuta raha kunaweza kuonekana ajabu kwa mtu wa Pwani, lakini kukaa kimya karibu na urafiki wa namna ile, kwarara wakipita juu na makelele yao ya jioni, ni jambo ambalo sijalipata penginepo Nairobi.

Sasa sikiliza jambo la ramani. City Park imekuwa ikimegwa pembeni kwa miaka: kipande hiki kimepata hati miliki, kile kimejengewa ua, na wanyakuzi waliwahi kufika hadi karibu na kaburi la Murumbi lenyewe. Kilichowashtua watu ni kaburi. Pakaundwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za mawe, marafiki wa City Park wakajipanga kuitetea, na mwaka 2009 mahali hapo pakatangazwa kuwa turathi ya taifa inayolindwa na sheria. Mara nyingi sheria ya mazingira peke yake haiwatii watu hofu, ila kaburi, au mti mtakatifu, au uwanja ambao watoto wanajulikana kwa majina, huwatia. Wewe ukitaka kulinda mahali, tafuta kwanza ni nini hapo ambacho watu hawawezi kustahimili kukiona kikivunjwa.

Mti, kwa mfano. Mwaka 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mugumo mkubwa kando ya Waiyaki Way, Westlands, wenye umri wa karibu miaka mia moja na urefu wa jengo la ghorofa nne. Ulikuwa umepangiwa kung'olewa. Vijana wakaenda kuulinda, watu wakautetea mitandaoni, na wapo waliokumbusha kwamba kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada. Novemba mwaka huo likatoka agizo la serikali kwamba ubaki. Ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Kangemi, kaa dirishani uutazame. Kuutazama hakukutozi senti.

Lakini wewe ni mtu wa Umoja, na nimekuwa nikikupeleka Parklands na Westlands kama vile mashariki mwa jiji hakuna kitu. Wapangaji wa miji wa zamani walifikiri hivyo hivyo. Bustani kubwa nyingi ziliwekwa magharibi walikoishi Wazungu, na mashariki, kwa Waafrika, wakaweka nyumba, ukumbi mmoja, na uwanja wa vumbi. Deni hilo bado tunalo.

Kwa hiyo Jumamosi, ukitoka kazini saa nane, shuka Jogoo Road uingie Kaloleni. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, nyumba za mawe zenye vigae na nyasi katikati, na ukumbi wake ulikuwa mahali pa siasa: wakazi wa zamani wanasema ndilo lililokuwa bunge la Waafrika kabla ya uhuru. Pale kuna maktaba ndogo. Mama yake ni maktaba ya McMillan katikati ya jiji, lile jengo la nguzo lenye simba wawili wa mawe mlangoni, lililofunguliwa mwaka 1931 na ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi ukoloni ulipokuwa ukingoni. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara zilikuwa zimechakaa kabisa, vitabu vimeota ukungu. Mwaka 2018 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao la Book Bunk, waliingia makubaliano na kaunti ya kuzifufua zote tatu. Walianza na hizi mbili za mashariki, na hilo nalipenda sana: hawakuanza na ile ya simba.

Usiende Kaloleni kwa ajili ya vitabu pekee. Nenda uone watoto wanavyoingia wakiwa wamebeba viatu mkononi kwa sababu wametoka mpirani, namna wanavyonyamaza ghafla mlangoni, na wazee waliokaa nje kwenye kivuli. Uliza kama wanahitaji mtu wa kuwasomea watoto hadithi kwa Kiswahili. Wewe umekulia Kilifi; Kiswahili chako ni mali ambayo huku tunaihitaji kuliko unavyodhani. Saa moja kwa wiki, kitabu kimoja, sauti yako. Nauli na kikombe cha chai na mandazi wakati wa kurudi haziwezi kuzidi nusu ya mia tano zako.

Ikifika msimu wa mvua za vuli, kutoka Kaloleni nenda hapo jirani Ziwani ukaangalie Koth Biro. Ni mashindano ya mpira wa mtaani yanayochezwa tangu miaka ya 1970, na jina ni la Kijaluo, maana yake "mvua yaja". Utasimama kando ya mstari kabisa, matope yakurukie, mama auzaye mayai ya kuchemsha akijua majina ya mabeki wote na ya mama zao. Mimi si mtu wa mpira. Nilikwenda mara ya kwanza kupima uwanja, nikakaa hadi penalti ya mwisho.

Huko kupima viwanja ndiko kulikonifanya niwe mkali juu ya mambo haya. Nikiwa kijana kazini nilitumwa kukagua orodha ya viwanja vya umma katika mtaa mmoja. Kwenye ramani kulikuwa na mraba wa kijani ulioandikwa "kiwanja cha watoto". Nilipofika nilikuta ukuta, lango jekundu, na mlinzi aliyeniambia kwa upole kwamba hapo ni pa mtu. Watoto walikuwa wakicheza barabarani mbele ya lango hilo hilo. Niliandika ripoti. Ripoti ikawekwa ndani ya faili, na faili likapotea. Nilikuwa na haki ya kupiga kelele na sikupiga, kwa sababu nilikuwa na miezi minne kazini na niliogopa. Hadi leo nikipita njia hiyo siwezi kuangalia upande ule. Ndiyo maana Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliporudi kutoka likizo, wakakuta uwanja wao umejengewa ukuta, na wakausukuma huo ukuta kwa mikono yao mpaka polisi wakawarushia mabomu ya machozi, nililia mbele ya televisheni. Uwanja ulirudishwa. Watoto wa miaka kumi walifanya nililoshindwa mimi nikiwa na digrii.

Basi, uufanyie nini mtaa wako? Usafi wa Jumamosi, ule wa fulana na picha, si mbaya. Ukialikwa nenda, utajuana na majirani. Lakini taka zitarudi kufikia Jumatano kama hakuna gari la kuzibeba, na gari hilo linatokana na bajeti. Kwa hiyo ukiniuliza saa mbili zako za mwezi zifanye kazi gani, nitakwambia zipeleke kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma cha wadi yako. Watu hawaendi. Nimewahi kukaa katika kikao cha wadi yenye maelfu ya wakazi ambamo tulihudhuria watu ishirini na watatu, na barabara iliyotengewa fedha mwaka huo ilikuwa ile ya nyumbani kwa mmoja wetu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika mbele ya bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, hivyo masikio yako yawe wazi kuanzia Januari: tangazo litabandikwa kwa chifu, ofisi ya wadi, au litapita kwenye makundi ya simu ya mtaa. Nenda na ombi moja tu. Taa mbili kwenye njia ya kutoka stejini. Au pipa la taka karibu na soko. Ombi moja lililoandikwa, lenye sahihi za majirani thelathini, lina uzito kuliko malalamiko kumi ya mdomo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Na ukiona kipande cha wazi cha mtaa kinaanza kuwekewa nguzo usiku, usingoje uwe na uhakika. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inakupa haki ya kuomba taarifa iliyoko mikononi mwa serikali, pamoja na ramani na orodha ya ardhi ya umma. Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi, na ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Piga picha zenye tarehe. Waite wazee waliokuwepo mtaa ulipofunguliwa, kwa kuwa wao ndio wanaojua pale palipangiwa nini. Usiende peke yako, wala usijibizane na mlinzi; yeye ni mfanyakazi kama wewe.

Raha za njiani nilitaka kuziandika kwa kirefu lakini nimeshakuchosha. Kufikia Oktoba jakaranda zitakuwa zimechanua na barabara zitafunikwa zulia la zambarau. Shuka stendi moja kabla ya kazini kwako utembee juu yake kabla wafagiaji hawajafika. Kwenye miti ya mzunguko wa Nyayo tazama juu uone korongo wakubwa wenye vipara waliojenga viota juu ya magari yote yale. Na siku ukipata likizo katikati ya wiki, nenda Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi: kuna matembezi ya kutazama ndege ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971. Utakutana na watu watakaokwambia jina la ndege uliyekuwa ukimwita "yule mweusi" miaka miwili na nusu.

Mwarobaini sasa. Najua kwa nini unautaka: ni kivuli cha nyumbani. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Julai yetu ni baridi. Mwarobaini ni mti wa joto. Huenda ukashika, ila utadumaa, na miaka mitatu utakuwa unautazama mti wenye huzuni. Uache Kilifi ukusubiri. Hapa nakushauri ule mti ambao Wajaluo huuita siala na Waluhya lusiola. Unakwenda juu bila kutanua matawi sana, hivyo hautagombana na madirisha ya watu, una maua ya njano, na unavumilia udongo mweusi mzito wa upande wenu, mradi maji yasituame shinani.

Kwanza zungumza na msimamizi wa ploti, na kupitia kwake mwenye ploti, kwa sababu mti uliopandwa bila ruhusa hung'olewa siku ya kupaka rangi. Kama mahali ni kando ya barabara, ruhusa ni ya kaunti. Kaa angalau mita tatu kutoka ukutani, na uulize bomba la maji taka linapita wapi. Shimo lichimbwe Februari, nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, udongo wa juu uwekwe kando uchanganywe na mbolea ya ng'ombe iliyooza. Mche uingie mvua ndefu zikianza, mwezi wa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Uzungushie vijiti na gunia kuukinga na mbuzi na mipira ya watoto, na watoto wenyewe uwaite siku ya kuupanda, kila mmoja atie gao la udongo. Mti waliouzika mizizi wao watauchunga.

Green Belt, tangu ilipoanza mwaka 1977, iliwalipa kina mama kwa mche uliokua, si kwa mche uliopandwa. Wewe pia jipime hivyo. Hatari yako ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiisha, na maji ya Umoja nayajua, ya kupangwa kwa mitungi. Lakini Jumapili unafua. Maji ya kusuuzia, yale ya mwisho yenye sabuni kidogo na yasiyotiwa dawa ya kung'arisha nguo, yanafaa kabisa kwa mti mchanga. Chukua mtungi wa lita tano uliokwisha mafuta ya kupikia, uusafishe, uutoboe tundu moja dogo chini kwa msumari, uufukie nusu karibu na shina, na uumwagie hayo maji kila ukimaliza kuanika nguo. Yatadondoka polepole hadi jioni.